Masomo Tuliyosomea Dawati Moja

Mwikali alichelewa kufika. Sisi wengine tuliosomea Mwingi tulikuwa tumekutana tena baada ya miaka mingi, tumeshaomba, tumeshawataja waliotangulia mbele ya haki, na tumeanza kula, katika hoteli iliyo ng'ambo ya barabara kutoka jengo lililokuwa chuo chetu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, maana siku hizi sipendi hotuba na hujiweka mahali pa kutorokea. Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa ameongezeka mwili, nywele amezikata fupi, na begani alikuwa na mkoba mkubwa wa afisa wa kilimo, kwani nilikuwa nimesikia kwamba anafanya kazi upande wa mji wa Wote, Makueni. Alinipa mkono akasema, "Syombua, uko?" Nikasema niko. Akapita akaenda kuketi mbele na wengine. Mtu aliyetuona angedhani tulijuana kwa mbali tu, kumbe kwa miaka miwili tuliketi dawati moja na kula sahani moja, na hatukuwa tumezungumza tangu mwaka ule wa Kibwezi, ambao ndio ninaotaka kuusimulia hapa.

Lakini kwanza niseme kazi yangu ya sasa, kwa sababu bila hiyo mwaka ule hautaeleweka. Nafundisha chuo kikuu, na kati ya kazi ambazo hakuna anayezigombania, nimepewa ya kuketi kwenye kamati inayoamua masomo ya mwanafunzi anayehamia kwetu kutoka chuo kingine. Mwanafunzi huleta hati yake ya matokeo na muhtasari wa kila somo alilosoma. Kila somo hupelekwa kwa idara inayolifundisha, na mwalimu mmoja huketi akalinganisha mada kwa mada: yanafanana kiasi gani, huko walikaa darasani saa ngapi, kazi ya vitendo waliifanya wapi na kwa vifaa gani. Lenye alama ya chini ya C halipiti. Na hata yakipita yote, hatupokei zaidi ya nusu ya shahada, kwa sababu cheti kitakuwa na jina letu. Baada ya idara ni kitivo, baada ya kitivo ni seneti, na seneti haina haraka na mtu. Wazazi hunipigia simu wakidhani tunapima akili ya mtoto wao. Huwaambia tunapima karatasi, na hawaamini. Mimi mwenyewe sikuamini nilipokuwa upande wao wa meza.

Chuo chetu cha Mwingi kilikuwa ghorofa moja ya kukodi, juu ya duka la dawa za mifugo na duka jingine la magunia. Lilikuwa tawi la chuo kikubwa cha mbali. Tulisomea kilimo cha maeneo makavu, na dirisha letu lilitazama barabara ya Garissa, hivyo kila lori lilipopunguza mwendo mwalimu alinyamaza, chaki hewani, mpaka lipite, kisha akaendelea na neno lile lile aliloliacha. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda kwa ngazi na kuingia mpaka kwenye chai yetu. Maabara hatukuwa nayo. Siku ya soko la mifugo mwalimu wetu, mzee mmoja mwembamba aliyependa kofia, alitushusha ngazi sote tukaenda sokoni, na pale ndipo tulipojifunza kusoma umri wa mbuzi kwa meno, kukadiria uzito wake kwa macho, na kutambua ngozi yenye ugonjwa. Wafanyabiashara walitutania. "Hawa watoto wa chuo wananunua ama wanashikashika tu?" waliuliza, na Mwikali aliwajibu, "Tunashika kwanza, bei baadaye!" Soko zima lilicheka. Nilikuwa na furaha sana siku zile, na nilifikiri vyuo vyote viko hivyo.

Kisha tukaambiwa tawi linafungwa. Wakubwa walitoka makao makuu, wakasema mengi kuhusu mikakati, na mwisho wa maneno yao ni kwamba kila mtu atafute pa kumalizia. Mimi na Mwikali tulipata nafasi chuo kimoja nje ya Kibwezi, kwa sharti kwamba masomo yetu ya miaka miwili yatapimwa tukifika. Ilikuwa wakati wa kuvuna ndengu. Kwetu Migwani ndengu zikishakauka hazimngoji mtu. Jua likizidi, maganda hupasuka na punje humwagika mchangani. Tulikuwa kwenye mwethya mmoja, kikundi cha kuvuniana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na mashamba yetu yote mawili, la kwetu na la kina Mwikali, yalikuwa yameshavunwa na mikono ya wengine. Ukishavuniwa huwezi kuondoka kabla hujawavunia wenzako. Si sheria ya kuandikwa, lakini jaribu uone utakavyosalimiwa sokoni. Tukakubaliana kwamba Mwikali atangulie, mimi nibaki nifanye zamu yangu na yake. "Nitakutafutia nyumba," aliniambia. "Ukikuja utapata kila kitu iko tayari." Nikabaki. Kila mwanamke niliyemvunia aliniuliza Mwikali yuko wapi, nami nikasema nimesimama kwa miguu yake. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kupeleka karatasi kwa kamati.

Nilipofika Kibwezi, ya Mwikali yalikuwa yameshaamuliwa. Kamati ilikuwa imeketi, ikayakubali masomo yake, na yeye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayelala bweni la ndani ya chuo. Alinikumbatia stendi mbele ya watu wote. "Yangu yamepita yote!" alisema. "Na yako ni yale yale, so usijali." Mantiki yake ilikuwa nzuri tu. Masomo yale yale, mwalimu yule yule, dawati lile lile, na alama zangu katika mengine zilizidi zake kidogo. Sikujali. Nikapeleka karatasi zangu, nikaambiwa ningoje kikao kijacho, na wakati nangoja nihudhurie mwaka wa kwanza, kwa usalama. Kati ya kikao kile na hiki idara ilikuwa imepata mkuu mpya.

Chumba alichonitafutia Mwikali kilikuwa nyuma ya kinu cha posho, mjini. Mchana kutwa ukuta ulitetemeka, na unga ulikuwa kila mahali, kwenye kitabu, kwenye kope. Mwenye nyumba, Mama Kyalo, alikuwa mjane mchangamfu aliyezungumza na kila mpangaji kupitia ukuta bila kuinua sauti. "Mwiitu," aliniita, yaani binti, "leo umekula?" Nilikuwa nimekula, tatizo lilikuwa hilo. Nilipika muthokoi kama nilivyouzoea, mahindi yaliyokobolewa na mbaazi, na muthokoi haupikwi wa mtu mmoja. Hujui uanzie wapi kuupunguza. Nilikula sufuria ile ile mpaka ikaanza kuchacha. Mwanzoni Mwikali alikuja Jumamosi tukaimaliza pamoja, akanisimulia mwaka wa tatu, walimu wake, na jinsi hakuna mtu darasani anayejua kumfungua mbuzi mdomo. Jumapili nilienda kanisa lililo karibu na reli. Wageni waliombwa wasimame, nikasimama, nikapigiwa makofi. Jumapili iliyofuata nikasimama tena kwa sababu jirani yangu alinigusa bega akasema, "Mgeni, simama." Nilisimama hivyo mpaka nikachoka, nikaanza kuketi nyuma ya nguzo.

Matokeo yangu niliyasikia kabla sijaandikiwa. Nje ya ofisi ya idara kulikuwa na benchi, na ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilikuwa nimeketi pale saa nne nikisubiri kumwona karani, na ndani walimu walikuwa wakinywa chai kwa maandazi. Nikasikia sauti ya kiume ikisema, "Huyu wa Mwingi, hebu skiza. Practical: soko la mifugo. Soko! Si wangesema tu walienda shopping." Wakacheka. Nilijua ni mkuu mpya. Akaendelea, safari hii bila mzaha, kwamba yeye hana ubaya na msichana, lakini somo la wanyama lisilo na shamba, na somo la udongo lisilo na maabara, akiyapitisha leo, kesho atapitisha nini? Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Lakini si kuna mwingine wa huko huko tulipitisha? Ile kikao ya kwanza." Mkuu akauliza nani. "Jina nimesahau." Mkuu akasema, "Kama tulipitisha, tulikosea. Akipatikana, na yeye arudi chini. Ama basi wote wapande. Haiwezi kuwa mmoja huku, mmoja huku." Niliondoka kwenye benchi bila kumwona karani.

Nimemfikiria sana mtu yule tangu nilipoanza kuketi kwenye kiti kama chake. Ningependa kusema alikuwa katili, ingenirahisishia maisha. Hakuwa. Mwaka jana tu niliukataa muhtasari wa kijana mmoja kwa maneno karibu yale yale, na nilipotoka nje nikamkuta kwenye korido akiwa na mama yake, wamevaa nguo za kanisani. Nikawasalimu nikapita. Jioni ile sikula.

Waliyoyakubali yalikuwa masomo ya kuketi na kusikiliza, kama hesabu, uchumi na stadi za mawasiliano. Yote ya kushika kitu kwa mkono yalikataliwa. Na yale machache yaliyokubaliwa hayakutosha kunivusha mwaka, kwa hiyo nilibaki mwaka wa kwanza, na kila saa ya somo lililokubaliwa wenzangu waliingia darasani nami nikabaki nje. Hakuna aliyenionya juu ya hilo. Unadhani somo likihesabiwa umepata faida. Mimi nilipata matundu kwenye ratiba. Jumatatu asubuhi, Jumatano karibu siku nzima, Alhamisi baada ya chakula. Nilizunguka nyuma ya maktaba, nikakaa kwenye ngazi za jukwaa la michezo, nikatazama mabomba ya kunyunyizia maji yakigeuka kwenye shamba la chuo. Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wazuri kwangu lakini waliniita Auntie. "Auntie, hii notes ulishasoma huko kwenu, si utupatie?" Wa mwaka wa tatu hawakunijua. Siku tuliyopelekwa kwenye banda kufundishwa meno ya mbuzi, nilimshika mbuzi nikaandika maneno niliyokwisha kuyaandika Mwingi, na nilijisikia kama mtu anayerudishwa kunyonya. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona upweke ambao sijawahi kuuona tena, hata nilipofiwa. Ukifiwa, watu huja.

Karani wa idara, mama mmoja mpole, alinionea huruma. "Kata rufaa," aliniambia akinong'ona. "Watakuita uingie mbele yao. Lakini usiende hivi hivi. Beba mfano. Kuna mtu walikubali mwenye masomo kama yako? Mtaje. Ukimtaja hawana pa kutokea." Alijua alichokuwa anasema, na mimi nilijua zaidi yake, kwa sababu yeye hakuwa kwenye benchi saa nne. Ningemtaja Mwikali, ama tungepanda wote, ama angeteremshwa na yeye. Kufikia hapo Mwikali alikuwa ameacha kuja Jumamosi. Alisema kazi za darasa zimemlemea. Nilikutana naye kwenye foleni ya kantini, yeye na trei yake, mimi na yangu, akaniuliza, "Umekata hiyo rufaa?" Nikasema nitaitwa wiki ile. "Na utawaambia nini?" Nikasema bado nafikiria. Akaitazama sahani yake akasema, "Sema tu chenye utasema, Syombua." Akaenda kuketi peke yake. Niliiona hofu katika uso wake, au nilidhani nimeiona, na nikakasirika, halafu nikamwonea huruma, na kwa sababu ya huruma nikaamua. Mimi nilikuwa nimeshapoteza. Hapakuwa na haja ya kupoteza wawili.

Siku ya rufaa walimu wa kamati walikuwa wameketi upande mmoja wa meza ndefu, na mimi kiti changu kilikuwa katikati ya chumba, mbali na meza, hata sikujua mikono niiweke wapi. Niliwaeleza soko la Mwingi. Nadhani nilieleza vizuri. Yule mwalimu mwanamke alitabasamu nilipofika kwenye dawa ya kupe. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Tumesikia kuna mwanafunzi mwingine kutoka hiyo campus yenu, ako hapa na alikubaliwa. Unamjua?" Chumba kilikuwa na saa ya ukutani iliyosimama. Niliitazama. "Hapana," nikasema. "Simjui." Akauliza tena kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akashukuru, akaniambia uamuzi unabaki vile ulivyo, na akanitakia mema katika mwaka wa kwanza, na naamini aliyataka kweli.

Nilirudi chumbani nikapika chai, nikaketi kitandani kinu kikinguruma, na nitasema bila kuficha kwamba nilijisikia mtu mkubwa. Sijawahi kujisikia mkubwa namna ile. Nilimngoja Mwikali aje. Sikutaka ashukuru, nilitaka aje tu, tule. Hakuja Jumamosi ile wala iliyofuata. Nilipomwona kwenye njia ya maktaba aligeuka akashika njia nyingine. Nikasema, basi, amepata alichotaka, sasa ananikimbia kwa aibu. Asante ya punda ni mateke. Mama Kyalo aliuliza kupitia ukuta, "Mwiitu, yule rafiki yako wa Jumamosi alienda wapi?" Nikamwambia anasoma sana. Mwaka ukaisha hivyo. Nilimaliza shahada yangu nikiwa nimechelewa, nikasoma nyingine na nyingine, na katika yote niliyoyapitia nililibeba jambo lile kama ushahidi kwamba niliwahi kuwa mwema. Nilipokuwa na siku mbaya nililitoa nikalitazama.

Siku ile ya kukutana tena Mwingi, hotuba zilipoanza nilitoka nje, nikaketi kwenye veranda ya hoteli. Baada ya muda Mwikali naye akatoka, sahani mkononi. Alibaki amesimama.

"Nimekuwa nikitaka kukuuliza kitu," alisema, "na nikikosa leo sitauliza tena. Mimi nilikukosea nini?"

Nikamwambia hakunikosea chochote.

"Ile rufaa yako. Baada ya wewe kutoka, kesho yake, waliniita. Mkuu alikuwa ameuliza karani, karani akasema ni mimi. Nikaingia. Nilikuwa nimengoja waniite, hata nilikuwa nimefunga sanduku. Nilijua utanitaja, na nilisema sawa, kama ni kurudi first year turudi wote, hata ni afadhali. Huko juu sikuwa na mtu. Nilikuwa nakula peke yangu, Syombua, mwaka mzima, kwa sababu kila nikikuja kwako nakupata na hizo vitabu za first year na naona haya. Ukiwa umenivunia ndengu."

Nikamuuliza waliuliza nini.

"Waliniuliza kama nakujua. Nikawaambia huyo ni rafiki yangu, tuliketi dawati moja, chenye mimi nilisoma ndicho yeye alisoma, na kama yake si masomo na yangu si masomo." Akaihamisha sahani mkono mwingine. "Mkuu akafunga faili. Akaniambia, 'Hakuna wa kukulinganisha naye, rudi darasani. Mwenzako amesema hakujui.'"

Ndani watu walipiga makofi. Nilitaka kumweleza benchi, na chai ya saa nne, na maneno niliyoyasikia, na jinsi nilivyofanya hesabu yangu yote peke yangu bila kumuuliza mwenyewe. Lakini jambo lile nililolibeba miaka yote lilikuwa limekwisha, halipo.

"Nakujua," nilimwambia.

"Saa hii ndio unasema," akajibu, na akageuza uso kuelekea barabarani ili nisimwone akilia.